Miungu ya Mwezi, Ukurasa wa Tisa

Jumatano, 26 Februari

Miaka thelathini na minne nimefundisha historia, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Mwenyewe sikuwahi kuandika chochote zaidi ya maazimio ya kazi. Leo nimeanza, na nimeanza kwa hasira.

Jirani yangu Mwinshehe, fundi seremala, ameshusha lori tatu za kifusi na kuinua uwanja wake. Masika ikianza, maji yote yatashukia kwangu. Nimemwendea kistaarabu. Akanijibu, huku anapiga randa, kwamba maji yana njia zake. Basi nitaandika tarehe, na siku ya kwenda serikali ya mtaa nitakwenda na ushahidi.

Nyumba hii ya Gongo la Mboto ina watu wawili: mimi, Revelian, mgane mwenye miaka sitini na miwili, na mama yangu Auleria, mwenye themanini na minane. Nilimchukua Bukoba baada ya kaka yangu kuuza kibanja, shamba letu la migomba, bila kumwambia mtu. Akili ya mama ina siku za kwenda na siku za kurudi.

Alhamisi, 27 Februari

Joto. Randa tangu saa moja asubuhi.

Ijumaa, 28 Februari

Jioni watu walijaa kona ya msikiti kutafuta mwezi wa Ramadhani. Mawingu yakawanyima. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeonekana. Watoto walianza kupiga kelele, nami nikatoka kumwingiza mama ndani. Nikamkuta katikati ya uwanja, kanga imemdondoka bega moja, uso juu. Akainama, yeye ambaye hata kijiko kikianguka namwokotea, akachota vumbi kwa vidole vitatu, akalipuliza kuelekea mwezini, akajigusa kifua. Kisha akaanza kumsalimia Kazoba kwa Kihaya.

Kazoba ndiye wazee wetu walimjua kuwa mwenye jua na mwezi. Salamu hiyo niliisikia kwa bibi yangu, mama yake mama, nilipokuwa na miaka sita. Kwa mama, kamwe. Alibatizwa akiwa na miaka kumi na miwili na rozari yake imelika shanga kwa kushikwa. Maneno aliyoyasema siyaandiki humu. Daftari hili si la mizimu.

Upande wa pili wa ukuta, ambao unanifika kifuani tu, alisimama Bi Mwajabu, mama yake Mwinshehe, viganja wazi, midomo inacheza, macho kwenye mwezi ule ule. Alipomaliza akamwambia mama, "Mwezi mwema, shoga yangu." Mama akaitikia, "Mwema na kwako." Walisemezana kama watu waliozoea. Ndipo nikajua mama yangu ameambukizwa na nani.

Jumapili, 2 Machi

Wamefunga. Jioni Bi Mwajabu kapitisha bakuli la futari juu ya ukuta, magimbi ya nazi, kama anavyofanya kila Ramadhani tangu tuhamie hapa, mwaka wa kumi na tisa huu. Mama alikula mpaka akalamba kidole. Mimi pia nilikula. Chakula hakina dini.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Baada ya misa Editha, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliniomba niandae semina ya Kwaresima. Anauza vitenge na anaongea kama anayepima kitambaa, hazidishi hata inchi. Alisema waumini wamelegea, hawajui tena mpaka uko wapi kati ya imani na mambo ya kipagani. Nikamwambia mada ninayo: miungu ya mwezi. Akaipenda papo hapo. Tungekuwa na wanawake kumi wa msimamo wake, parokia ingesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Dakika arobaini tu, na maji ya Mwinshehe yamefika kizingiti cha chumba cha mama. Nimeyazoa kwa ndoo kumi na moja. Yeye alikuwa kibarazani kwake anatazama.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika tangu saa nne asubuhi na sijawahi kujisikia mwalimu hivi tangu nistaafu. Nimeanzia Uru ya Wakaldayo, kwa Nanna, ambaye wengine walimwita Sin, mwenye hekalu Uru na nyumba nyingine Harani. Ibrahimu alitoka mji wa kwanza akakaa mji wa pili, kwa hiyo Mungu alimtoa mikononi mwa mwezi mara mbili. Hilo watalipenda. Nikaenda Misri kwa Khonsu, msafiri wa angani, na Thothi aliyehesabu miezi. Nikawapa Wagiriki Selene wao na gari lake, Wahindi Chandra wao, Wajapani Tsukuyomi wao. Kisha nikafika Yemeni ya kale, ambako wataalamu wenyewe wanabishana nani alikuwa mungu wa mwezi na nani hakuwa.

Pale nilitakiwa kusimama. Badala yake niliandika "kwa hiyo", nikaruka miaka elfu na zaidi, nikatua Gongo la Mboto, ukurasa wa saba, kwa mwanamke asimamaye ukutani na viganja wazi kila mwezi uandamapo. Mwanafunzi angeniletea sentensi ile ningempa sifuri na kumwita ofisini. Lakini chumba cha mama bado kinanuka tope, na mimi sitahiniwi tena na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama wa steshenari anasema kijitabu hukunjwa kurasa nne nne. Zangu ni kumi na moja. Ama nipunguze, ama niongeze moja, la sivyo ukurasa utabaki mtupu. Sipunguzi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeongeza. Nilikaa nikijiuliza niweke nini, nikaona aibu kwamba nimezunguka dunia nzima nikaisahau nchi yangu. Nikamwingiza Kazoba, ukurasa wa tisa. Nimeueleza utaratibu wote: vumbi kwa vidole vitatu, pumzi kuelekea mwezini, mkono kifuani. Nimeiweka salamu yenyewe neno kwa neno kwa Kihaya, na tafsiri chini yake, maana chanzo kisichonukuliwa si chanzo. Nikamalizia kwa kuidhihaki kidogo ili msomaji asidhani naisifu. Ndio ukurasa ulioandikwa vizuri kuliko yote. Mama sikumtaja.

Jumatano, 12 Machi

Padre Valerian amekataza kijitabu kisigawiwe kanisani. Ana miaka thelathini na mitatu, na alikisoma chote mbele yangu amesimama. Akaniuliza Pasaka yetu inapangwaje. Nikamjibu kama mwanafunzi: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu, baada ya usiku na mchana kulingana.

"Kumbe unajua," akasema. "Sasa Mwalimu, tukianza kuwarushia mawe wanaotazama mwezi, mimi ninayesoma kalenda yake nikajifiche wapi?"

Vijana wa seminari siku hizi wanafundishwa utani. Niliondoka bila kuaga.

Jumamosi, 15 Machi

Nakala sitini, jalada la bluu. Mvua kubwa jana na leo. Nimepandisha kitanda cha mama juu ya matofali.

Jumapili, 16 Machi

Semina ilifanyika sebuleni kwa Editha. Watu ishirini na sita, wengine madirishani. Nilipofika ukurasa wa saba walicheka, kila mtu akajua nani. Nilipofika wa tisa walinyamaza, na nikadhani ni kwa sababu ya ufundi wa maandishi. Walipiga makofi. Editha alisimama akasema mwalimu ametuonyesha sumu kwa jina lake, sasa asiwepo wa kusema hakujua. Nakala zote zimekwisha. Wengine walizigawa njiani, na moja iliachwa juu ya meza ya randa ya Mwinshehe. Sikumtuma mtu. Sikumzuia pia.

Jumanne, 18 Machi

Bakuli halikuja.

Jumatano, 19 Machi

Halikuja. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta mpaka giza likaingia. Nilimkaangia mayai. Akasema mayai si futari.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Mwajabu aliniita ukutani mchana, kijitabu mkononi, miwani puani. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, maana amenizidi miaka kumi na miwili. Hakuitikia. Tangu nimjue ni mara ya kwanza.

"Umeniandika ukurasa wa saba," akasema. "Jina hukuweka, lakini mtaa huu nani mwingine anasimamaga hapa? Miaka kumi na tisa, Mwalimu. Siku moja tu ungeniuliza, Bi Mwajabu, unasema nini pale? Ningekwambia. Ile ni dua. Nauambia mwezi, Mola wangu na Mola wako ni Mwenyezi Mungu. Yaani wewe na mie sote tumeumbwa. Sasa mtu anakiabudu kitu anachokiambia hivyo?"

Nilimjibu kwamba katika taaluma yangu, vyanzo vya maandishi vina uzito kuliko masimulizi ya mdomo. Kweli nilisema hivyo. Akasema, "Haya," akakikunja kijitabu akakifunga kwenye pindo la kanga.



Jumapili, 23 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Serikali ya mtaa wanasema nilete barua. Nimeleta barua. Wanasema nije wiki ijayo.

Jumapili, 30 Machi

Ni lazima niandike leo hii, nikilala nitaipamba.

Jumuiya ilikuja kwangu saa kumi na moja jioni kumsalia mama rozari. Walikuwa kumi na wanne. Mvua ilikuwa imekatika mchana, uwanja wote tope la kifusi, nikatandika mikeka kibarazani. Mama alikuwa na siku ya kurudi, alisali nasi vizuri, akashika shanga zake bila kupotea. Tulikuwa fungu la nne watoto waliposhangilia huko nje kwamba mwezi umeandama, Idd ni kesho. Mama akaweka rozari kwenye kiti, taratibu, kama mtu anayeweka ufunguo mahali atakapoukuta. Akainuka, akashuka uwanjani.

Hakukuwa na vumbi, akachota tope kwa vidole vitatu.

Sijui nilitarajia nini. Editha alifungua pochi, akatoa kijitabu, akakifungua bila kutafuta. "Ukurasa wa tisa," akasema. Akaanza kusoma, si kwa kelele, kwa sauti ile ile ya kupima kitambaa. Alisoma "huchota vumbi", na mama alikuwa amechota. Alisoma "hulipulizia pumzi", na mama akapuliza. Mkono kifuani, mkono ukaenda kifuani. Sentensi zangu zilitembea na mama yangu hatua kwa hatua, na kila mtu kibarazani akageuka kunitazama, kisha wakaacha kunitazama, na hilo la pili ndilo baya. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe karibu.

Mama aligeuka akaniita kwa Kihaya. "Revelian, njoo umsalimie. Tusimwache amekuja peke yake."

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wasikie wao, "Huyu ni mgonjwa. Mambo haya simo." Nikashuka nikamshika mkono nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu. Nisingekuwa na watazamaji nisingemvuta vile. Miguu yake ikateleza kwenye tope akaangukia ubavu, nikasikia mlio ambao sitaki kuueleza.

Bi Mwajabu alikuwa ukutani, ameuona mwezi wake. "Mwache," alisema. "Umemvunja, mwache." Mwinshehe aliruka ukuta, akamnyanyua mama peke yake kama anavyonyanyua mbao, akampakia kwenye bajaji. Watu wa jumuiya walikuwa tayari wanatafuta viatu vyao.

Ni nyonga. Kwa umri wake hawapasui. Wametupa dawa za maumivu, turudi nyumbani.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau inanukia mtaa mzima. Sikustahili bakuli, na bado nilifunua pazia kutazama.

Alhamisi, 3 Aprili

Bi Mwajabu kaja kumwogesha mama. Alipita mlangoni akasema, "Nimekuja kwa Auleria. Wewe usinisemeshe." Jana pia alikuja, nilikuwa famasi.

Jumamosi, 5 Aprili

Editha alinipigia simu Alhamisi. Alisema mama anahitaji kufunguliwa kabla ya Pasaka, la sivyo atakufa na minyororo yake, na jumuiya haitajua imzikeje. Nilikubali. Niandike na sababu: nilitaka waje, waonekane wakiingia kwangu, mtaa ujue bado sisi ni watu wa kanisa.

Walikuja sita asubuhi. Walizunguka kitanda. Editha akafungua kijitabu, akasoma sentensi moja ya ukurasa wa tisa, na wote wakasema kwa nguvu, "Tunakataa." Sentensi ya pili, "Tunakataa." Mama alinishika kidole. Aliniuliza kwa Kihaya watu hawa ni nani, na kwa nini wanayataja maneno ya mama yake, na mama yake amewafanya nini. Sentensi ya tatu, ya nne. Akaanza kutetemeka, kisha nikaona shuka linalowa. Mwanamke wa miaka themanini na minane, alikuwa hajawahi kulowesha kitanda hata siku ile ya kuvunjika.

Nilisimama pale robo saa nzima kabla ya kufungua mdomo. Robo saa, niliiangalia saa ya ukutani. Ndipo nikasema tokeni.

Editha hakuudhika. Alifunga kijitabu kwa kidole katikati, ili asipoteze ukurasa. "Mwalimu, maneno haya si yetu. Ni yako. Sisi tumesoma tu."

"Tokeni kwangu."

"Ukitufukuza leo, siku ya msiba usituite."

Nikafungua mlango. Wakatoka mmoja mmoja, na yule wa mwisho akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kwa mazoea, nikamwitikia kwa mazoea.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msemo huo niliwahi kuutungia swali la mtihani.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna aliyekuja, ila Bi Mwajabu. Nasikia wanaongea humo ndani, yeye na mama, kila mtu lugha yake.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Padre Valerian kaja jioni na tawi la mnazi na mafuta. Nilimweleza yote, na ukurasa wa tisa, na kuvuta mkono. Nilingoja aniambie alinionya. Hakusema, na nilimchukia kidogo kwa kutosema, maana ningepata cha kumjibu. Alimpaka mama mafuta, akampa komunyo kipande kidogo kama punje. Alimwuliza kama anamjua Mungu. Mama akasema, "Yupi tena? Yuko mmoja." Padre akacheka, akasema inatosha.

Mwezi mpevu ulikuwa umejaa dirishani. Mama akautazama akasema umenenepa.

Jumanne, 15 Aprili

Mama amefariki saa tisa alasiri. Nilikuwa namsomea gazeti.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumezika jana, kabla siku kuu tatu za Pasaka hazijafunga milango. Kibanja cha Bukoba ni cha watu wengine sasa, hatukuwa na pa kumsafirisha.

Anayejua misiba ya kwetu anajua jumuiya hufanya nini: turubai, masufuria, nyimbo, akina mama kwenye mikeka siku tatu. Nilipeleka taarifa kwa Editha kama utaratibu ulivyo. Alijibu kwa ujumbe wa simu: Pole Mwalimu, tulishaongea. Jumuiya haikutia mguu. Padre Valerian aliongoza ibada mwenyewe, na nyimbo aliimba mwenyewe, vibaya.

Jeneza alilichonga Mwinshehe bila kuagizwa. Asubuhi ya mazishi nilimkuta na sepetu anakata mfereji katikati ya kifusi chake, maji yakakimbilia barabarani, ili wabebaji wasipite kwenye maji. Walibeba yeye na wanaume watano wa msikitini. Nilimwendea kumshukuru.

"Sikukuchimbia wewe," akasema, na akaendelea kukung'uta tope kwenye sepetu.

Bi Mwajabu amekaa kwenye mkeka wangu siku zote hizi, peke yake sehemu ya wanawake. Hajanisemesha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Editha alisoma somo la kwanza. Anasoma vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku tatu nimezunguka kukusanya vijitabu. Mtu aliyevigawa kwa kujivuna anavidai akiwa amekonda, nadhani waliniona hivyo. Wengine walinipa haraka wakafunga mlango. Muuza chapati alikuwa ameshafungia chapati kurasa mbili, nikazichukua na mafuta yake. Editha alikuwa na kumi na tisa, zimefungwa kwa uzi. Alinipa juu ya kaunta ya vitenge. "Chukua tu, Mwalimu. Kimeshafanya kazi yake." Zamani nilisema tungekuwa na kumi kama yeye. Nilisema hivyo kwenye daftari hili hili, sikufuti.

Nimezichoma zote kwenye jiko la mkaa, pamoja na muswada wangu wa mkono. Hamsini na tisa.

Ya sitini iko kwa Bi Mwajabu. Nilimwomba ukutani. Hili ndilo neno la kwanza alilonijibu tangu mama afe. "Hiki sirudishi. Kila ukijisahau ukaniamkia, nitakuonyesha."

Jumatatu, 28 Aprili

Leo mwezi umeandama. Hakuna aliyeshangilia, si mwezi wa sikukuu. Nilikuwa uwanjani naanua nguo, nikauona juu ya paa la Mwinshehe, mwembamba, na nikajikuta nimesimama. Nikasema moyoni, hakuna wa kumsalimia. Miaka yote hiyo alikuwa na mtu.

Simwamini Kazoba. Nilitaka tu kusema alichosema mama yangu, mahali aliposimama, mara moja. Nikafungua mdomo. Mwanzo ninao, na mwisho ninao, ila katikati pamenitoka. Nikajaribu kuikumbuka vile bibi yangu alivyoisema, ikakatika pale pale. Niliingia ndani nikafunua daftari hili, tarehe moja Machi, nikajisoma nikisema maneno yake siyaandiki humu. Muswada ni majivu. Nilimpigia mama wa steshenari, akasema kazi za watu anazifuta kila mwezi. Bukoba sina wa kumwuliza, kati ya walioijua mama ndiye alikuwa wa mwisho. Salamu ile imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo nilipachapisha mimi, kwa dhihaka, ili ukurasa usibaki mtupu.

Nikaenda ukutani nikaita hodi.

Alikuja na kanga ya kuswalia kichwani. Sikumwamkia. Nilimwambia sitaki kukichukua kijitabu, nataka kusoma ukurasa wa tisa tu, na nikamwambia kwa nini. Akaingia ndani, akarudi na kijitabu na tochi ya simu, akakifungua yeye, akakishika yeye, juu ya ukuta.

"Soma. Nashika mwenyewe."

Nikaanza kwenye Kihaya. Akanizuia. "Mie sijui Kihaya. Anzia juu, kwa Kiswahili. Vyote."

Basi nikaanzia juu. Nilisoma "katika ujinga wao". Nilisoma "vikongwe wasiopambanua". Nilisoma kwa sauti, uwanjani, maneno yangu mwenyewe, kwa mwanamke aliyekuwa amemwogesha mama yangu, mpaka nikafika kwenye salamu:

"Kazoba, ulizama, umerudi. Waliozama kwangu nao warudi. Umenikuta mzima, nikukute mzima. Jirani aamke salama, nami niamke salama."

Chini yake niliandika, na nikasoma na hilo pia: "Tazama upuuzi, hata jirani huombewa kwa mwezi."

Tochi haikutikisika. Alikuwa anautazama mwezi, si mimi, na midomo yake ilicheza kidogo, nami sasa najua anausemesha nini. Kisha akasogeza kijitabu karibu na uso wangu.

"Hapo pa jirani," akasema. "Rudia."

Nikarudia.